Kwotabeki mkongwe apimwe kwa miguu yake, vichekesho vipewe ukurasa wao

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Jambo letu ni futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao hapa Unguja wapenzi wake si wengi, lakini ubishi wao haupungui hata chembe ule wa Simba na Yanga. Kila Jumatatu asubuhi kwenye mabaraza ya Mji Mkongwe huzuka swali lile lile: kwotabeki fulani mkongwe, yaani mrushaji wa mpira wa timu, keshakwisha, au bado yumo? Na kila Jumatatu hukumu hutolewa na watu ambao mechi hawakuiona. Walichokiona ni vipande vya wachekeshaji wa Marekani vilivyoingia kwenye simu zao kabla ya chai. Baadaye hukumu hiyo hiyo huonekana kwenye kurasa za michezo, maneno yakiwa yamepigwa pasi kidogo tu.

Sababu kubwa ni saa. Mechi za mwanzo za Jumapili huanza saa 7 mchana kwa saa za New York. Kwetu hiyo ni saa 2 usiku, na kuanzia Novemba, Wamarekani wakisharudisha saa zao nyuma, inakuwa saa 3. Hizo mtu huzitazama baada ya Isha na bado akapata usingizi. Lakini mechi ya Jumapili usiku, ambayo mara nyingi hupewa timu zenye wakongwe wa majina makubwa, huanza kwetu saa 9 na dakika 20 usiku, na katika majira yao ya baridi saa 10 na dakika 20, muda mfupi kabla ya adhana ya alfajiri. Super Bowl yenyewe, yaani fainali ya ligi, huanza saa 8 na nusu za usiku wa kuamkia Jumatatu. Mtu anayetakiwa kazini bandarini au skuli asubuhi hakeshi kwa ajili hiyo. Anaamka, anakuta vichekesho vimeshawasili na mechi haijafika, basi anabisha kwa alichonacho.

Anayebishaniwa zaidi ni Aaron Rodgers, aliyezaliwa tarehe 2 Disemba 1983. Februari 2023 alijifungia siku kadhaa katika chumba cha giza huko Oregon, akitafakari kama aendelee kucheza au aache. Tarehe 11 Septemba mwaka huo huo, katika mechi yake ya kwanza akiwa na New York Jets, alicheza majaribio 4 tu, ukano wa kisigino cha kushoto ukakatika. Mchekeshaji aliyepewa vitu viwili vya namna hiyo ndani ya mwaka mmoja hana haja ya kuumiza kichwa. Januari 2024 Rodgers akarushiana maneno hadharani na Jimmy Kimmel, mchekeshaji wa televisheni, na tangu hapo kila anapoangushwa, kichekesho kiko tayari. Barazani wakadakia: "Yakhe, mpelekeni akachukue pencheni jamii!" Kwa taarifa ya wanaosema hivyo, pencheni jamii ya Zanzibar inaanzia miaka 70, kwa hiyo bado ana safari ndefu, na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi hana.

Tukija kwenye kazi yake, msimu wa 2024 alirusha pasi 584, zikafika 368, yadi 3,897, tachidauni (bao la mchezo huu) 28, na pasi 11 zikanaswa na wapinzani. Jets walishinda mechi 5 wakapoteza 12. Baraza likasema keshakwisha. Tarehe 7 Septemba 2025, akiwa na Pittsburgh Steelers na miaka 41, akarudi uwanja ule ule kucheza na Jets wale wale: pasi 30, zilizofika 22, yadi 244, tachidauni 4, hakuna iliyonaswa, Steelers 34 Jets 32. Baraza likasema amefufuka. Sisi tunasema hakufa na hakufufuka, na yeyote aliyezitazama mechi zenyewe angeliona hilo miguuni mwake.

Kwa msomaji aliye mgeni wa mchezo huu, maelezo machache yanatosha. Uwanja una urefu wa yadi 120 ukihesabu na maeneo mawili ya kufungia, yaani kama mita 110, na upana wa yadi 53 na theluthi, kiasi cha mita 49. Kwa hiyo ni mrefu kidogo kuliko uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68, lakini mwembamba zaidi. Kila timu ina watu 11. Wenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10, wakifaulu wanapewa mengine 4, na wakiufikisha mpira kwenye eneo la kufungia wanapata tachidauni ya pointi 6. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kutoka kwa senta, yaani mtu wa katikati anayeuanzisha, akikingwa na watu 5 mbele yake, na kwa kawaida ana sekunde 2 na nusu hivi za kuamua aupeleke wapi.

Kabla ya sekunde hizo kuna nyingine 40 ambazo watazamaji wengi hawazijali, ingawa ndizo zinazomweka mkongwe kazini. Jaribio moja likimalizika, saa ya sekunde 40 inaanza kurudi nyuma. Kocha huzungumza na kwotabeki kwa redio iliyomo ndani ya helmeti, lakini redio hiyo hukatwa saa ikifika sekunde 15. Baada ya hapo hakuna wa kumsaidia. Anawatazama walinzi 11 walivyojipanga, anakisia nani atamvamia na nani atarudi nyuma kukaba, na ana ruhusa ya kulibadilisha jaribio papo hapo kwa kupiga kelele. Kijana wa miaka 22 mwenye mkono wa chuma katika sekunde hizo 15 anakuwa kama mtahiniwa aliyeona mtihani kwa mara ya kwanza. Mkongwe maswali hayo kashayajibu mara elfu. Ndiyo maana unaweza kumwona mtu wa miaka 41 anatembea kwa tabu kuelekea kwenye mstari, kisha anaupeleka mpira kwa mpokeaji ambaye hajageuka bado, na mpira na mikono vikakutana.

Sasa miguu. Kwotabeki anapopokea mpira mkononi mwa senta hurudi nyuma kwa hatua 3, 5 au 7. Hatua 3 ni kwa pasi fupi, 5 kwa ya kati, 7 kwa ile ndefu ya kutafuta tachidauni kwa mkupuo mmoja. Siku hizi wengi hupokea mpira wakiwa tayari wamesimama yadi 4 au 5 nyuma, kwa hiyo hatua hupungua, ila kanuni haibadiliki: hatua ya mwisho ndiyo ya kukita. Nguvu ya pasi inatoka kwenye mguu wa nyuma uliokitwa, inapanda nyongani, inazungushwa na kiwiliwili, inafika begani, kiwikoni, na kifundo cha mkono kinamalizia. Mkono wenyewe ni mwisho wa mnyororo. Mguu usipokita, mkono unalazimika kufanya kazi ya mwili mzima, na matokeo yake ni mawili: mpira unapaa juu ya kichwa cha mpokeaji, au unaishiwa nguvu na kumfikia magotini. Ukimwona mkongwe anakosa kwa namna hizo mbili mara kwa mara, acha kulaumu bega na umtazame kisigino.

Hapo ndipo lilipo jambo la Rodgers. Ukano wa kisigino ndio unaomwezesha mtu kusukuma ardhi kwa vidole. Uliokatika hushonwa na hupona, lakini mchezaji wa miaka 40 hurudi uwanjani kabla hajaurudisha mlipuko wa kuanza mbio. Zamani Rodgers alijulikana kwa kukimbilia pembeni, akajinunulia sekunde mbili tatu, kisha akarusha mpira wa mbali huku anakimbia. Msimu wa 2024 sehemu hiyo ilipungua. Alilazwa chini na mpira mkononi mara 40. Bega halikuwa na shida. Mpira wake bado ulizunguka vizuri na kufika kwa kasi alipopata nafasi ya kukita. Mchekeshaji anamwonyesha anavyoanguka mara 40, na kweli anaanguka kwa kuchekesha, lakini hasemi kama aliangushwa kwa sababu mguu haukumtoa au kwa sababu anayemkinga upande wa kushoto alipitwa ndani ya sekunde moja na nusu.

Kuyatofautisha hayo si kazi ngumu kwa mtazamaji. Mpira unapotoka kwa senta, hesabu kimoyomoyo: elfu moja, elfu mbili, elfu tatu. Mpinzani akimfikia kabla hujamaliza elfu mbili, lawama ni ya wanaomkinga. Ukafika elfu tatu na kupita, na yeye bado kaushika, lawama ni yake: hakumwona mtu au aliogopa kurusha. Halafu utazame anavyorusha akiwa ameegemea nyuma, uzito wote kwenye kisigino. Kama mbele yake kuna mtu kwa umbali wa mkono, hana pa kukanyagia, msamehe. Kama mbele pako wazi na bado anaegemea nyuma, hapo umri umeingia. Alama mbaya kuliko zote ni macho. Kwotabeki aliye mzima huteleza nusu hatua kushoto au kulia huku macho yakiwa mbali kwa wapokeaji wake. Akianza kuyashusha macho kumtazama anayemjia, amekwisha, hata kama mkono unarusha mpira mpaka Chumbe.

Kipimo cha mkono nacho kipo, na si ile pasi ndefu wanayoipenda watu wa vipande vya simu. Pasi ndefu huenda juu, mpira hukaa hewani, mpokeaji huukimbilia. Mkongwe mwenye akili anaweza kuirusha hadi siku anastaafu. Kipimo ni pasi ya yadi 15 inayopelekwa kwenye mstari wa pembeni, upande ulio mbali na mpira. Hesabu yake ni hii. Mpira huanzishwa katikati ya alama mbili za uwanjani, na kila alama iko mita 21 na nusu kutoka mstari wa pembeni ulio karibu nayo. Ukianzia kwenye alama ya kushoto, mstari wa kulia uko mita 27 hivi kwa upana. Ongeza yadi 15 za mbele na yadi 7 alizorudi nyuma, unapata mita 20 kwa urefu. Mshazari wake ni kama mita 34. Kwenye karatasi inaandikwa yadi 15, hewani ni mita 34, na mpira unatakiwa uende karibu na kunyooka. Ukichelewa kidogo, beki anaukata akiwa anakimbia kuelekea upande wa pili, na mbele yake hakuna mtu. Kocha akigundua kuwa mkongwe wake haiwezi tena pasi hiyo, huacha kuiita. Kwa hiyo usihesabu alizokosa tu. Tazama kama bado anapewa kuirusha.

Peyton Manning, kwotabeki mwingine mkongwe, ni somo zima katika habari hii. Alifanyiwa operesheni za shingo, akakosa msimu mzima wa 2011, neva zikamdhoofisha mkono wa kurushia. Mipira yake akiwa na timu ya Denver ilikuwa inayumba hewani na wachekeshaji walishiba. Pamoja na hayo mwaka 2013 alirusha tachidauni 55 na yadi 5,477, rekodi zote mbili. Alifanya hivyo kwa kuurusha mpira mapema, kabla beki hajajua, akifidia kasi kwa wakati. Halafu mwaka 2015 ukaumia unyayo. Shingo alikuwa ameivumilia, unyayo ukamshinda. Tarehe 15 Novemba 2015 dhidi ya Kansas City alirusha pasi 20, zikafika 5, yadi 35, zikanaswa 4, akatolewa. Siku hiyo hiyo alivunja rekodi ya kwotabeki wa zamani Brett Favre ya yadi za maisha, jambo linaloonyesha jinsi rekodi na uzima wa leo visivyojuana. Na mwisho wa msimu ule ule, tarehe 7 Februari 2016, akanyanyua kombe la Super Bowl akiwa na miaka 39: pasi 23, zilizofika 13, yadi 141. Denver 24, Carolina 10. Aliyeshinda mechi ile ni safu ya ulinzi, na Von Miller ndiye aliyepewa tuzo ya mchezaji bora. Wale wanaohesabu pete za ubingwa kama ushahidi wa ubora wa msimu husika wakiulizwa habari hii hugeukia dhumna.

Kuna kipimo cha tarakimu ambacho ligi yenyewe, NFL, inakitumia tangu 1973, nacho tunakieleza kwa sababu kila mwenye simu anaweza kukipiga mwenyewe barazani. Unahitaji namba 5: pasi zilizorushwa, zilizofika, yadi, tachidauni, zilizonaswa. Gawa zilizofika kwa zilizorushwa, toa 0.3, zidisha kwa 5. Gawa yadi kwa zilizorushwa, toa 3, zidisha kwa 0.25. Gawa tachidauni kwa zilizorushwa, zidisha kwa 20. Gawa zilizonaswa kwa zilizorushwa, zidisha kwa 25, kisha jibu ulitoe kwenye 2.375. Kila moja ya hesabu hizo nne ikizidi 2.375 iandike 2.375, ikishuka chini ya sifuri iandike sifuri. Jumlisha zote, gawa kwa 6, zidisha kwa 100. Alama ya juu kabisa ni 158.3.

Chukua msimu wa Manning wa 2015: pasi 331, zilizofika 198, yadi 2,249, tachidauni 9, zilizonaswa 17. Hesabu ya kwanza inatoa 1.491, ya pili 0.949, ya tatu 0.544, ya nne 1.091. Jumla ni 4.075, na jibu ni 67.9, alama mbaya kwa mtu wa daraja lake. Mechi ile ya Kansas City ukiipiga unapata sifuri katika mistari yote minne. Ile ya Rodgers dhidi ya Jets inatoa 136.7. Wanaokosea hesabu hii hukosea sehemu moja: wanasahau kikomo cha 2.375. Katika mechi hiyo ya Rodgers mstari wa tachidauni unatoa 2.667, na usipoukata jibu linapanda bila haki.

Hata hivyo kipimo hiki ni kipofu kwa mengi. Hakihesabu mara ambazo kwotabeki amelazwa, wala mbio zake, wala mpira aliouangusha. Pasi iliyomgonga mpokeaji kifuani ikadunda hadi mikononi mwa adui inaandikwa kwa jina la aliyerusha. Pasi ya yadi 2 ambayo mpokeaji ameipokea akakimbia nayo yadi 60 inampa kwotabeki yadi 62. Ndiyo maana tunasema namba zisomwe na mtu aliyetazama.

Mfano ni Tom Brady katika misimu yake miwili ya mwisho. Mwaka 2021, akiwa na miaka 44, Tampa Bay: pasi 719, zilizofika 485, yadi 5,316, tachidauni 43, zilizonaswa 12, alama 102.1. Mwaka 2022: pasi 733, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia katika msimu mmoja, zilizofika 490, yadi 4,694, tachidauni 25, zilizonaswa 9, alama 90.7. Yadi kwa kila pasi zilishuka kutoka 7.4 hadi 6.4. Barazani ikapitishwa kuwa mkono umekufa. Wenye kujua walitazama watu watatu wa katikati waliomkinga. Ali Marpet alistaafu Februari 2022, Alex Cappa akahamia Cincinnati, na senta Ryan Jensen akaumia goti mazoezini Julai, asirudi hadi mechi ya mtoano. Watatu wote, waliokaa mbele ya uso wake, hawapo. Kwotabeki asiyekimbia huvumilia kuvamiwa kutoka pembeni, maana anaweza kusogea mbele hatua moja. Akivamiwa kutoka katikati hana pa kwenda. Dawa ya Brady ilikuwa kuutoa mpira upesi, pasi fupi fupi nyingi, na kwa hiyo alilazwa mara 22 tu katika mechi 17. Yadi zilishuka kwa sababu alichagua kutoangushwa. Tampa walishinda 8 na kupoteza 9, wakaongoza kundi lao, wakatolewa na Dallas 31 kwa 14. Kama kuna kosa la umri pale, basi ni kwamba mwenye miguu ya miaka 25 angekimbia.

Kuhusu pasi zilizonaswa, tungependa hasa waandishi wazitofautishe, kwa sababu ndizo chakula cha mabishano. Kuna iliyodunda mikononi mwa mpokeaji. Kuna ambayo mpokeaji alikata kushoto badala ya kulia. Kuna ambayo mkono ulipigwa wakati wa kurusha. Hizo tatu si za kwotabeki. Zake ni ile aliyochelewa, ile aliyomtazama mpokeaji mmoja tangu mwanzo hadi beki akausoma uso wake, na ile ya kurusha kinyume na mwendo wa mwili. Hii ya mwisho ndiyo iliyomtoa Brett Favre. Msimu wa 2009, na miaka 40, alikuwa na alama 107.2 Minnesota, tachidauni 33 na zilizonaswa 7. Tarehe 24 Januari 2010 huko New Orleans, matokeo yakiwa 28 kwa 28 na sekunde chache zimebaki, alikimbilia kulia kisha akarusha kurudi katikati ya uwanja. Tracy Porter akaunasa. New Orleans wakashinda 31 kwa 28 katika muda wa nyongeza bila Favre kuugusa mpira tena. Mwili ukienda kulia na mpira kushoto, nyonga haina inachochangia. Mpira unakuwa mlegevu na unapita mbele ya walinzi wote walioko katikati. Makosa ya namna hiyo Favre alikuwa nayo tangu ujana, kwa hiyo anayeyaita ya uzee hajui historia yake.

Tunarudi kwa wachekeshaji, kwa sababu tusije tukafikiriwa tunawachukia. Wamarekani wenyewe wameshajaribu kuwachanganya na uchambuzi. Mwaka 2000 televisheni ya ABC ilimweka mchekeshaji Dennis Miller katika chumba cha utangazaji wa mechi za Jumatatu usiku. Alidumu misimu miwili, na mwaka 2002 kiti kikaenda kwa John Madden, aliyekuwa kocha. Kwa upande mwingine, wakongwe nao hupenda kuchekesha: Brady mwaka 2005 na Manning mwaka 2007 walialikwa kuongoza kipindi kikubwa cha vichekesho cha Jumamosi usiku huko New York, na Manning alionekana ana kipaji kuliko baadhi ya wanaolipwa kwa kazi hiyo. Tarehe 5 Mei 2024 Brady alikaa jukwaani California akakubali kusimangwa na kundi zima la wachekeshaji, Kevin Hart akiwa mshereheshaji. Usiku ule ulikuwa wa kucheka na tulicheka. Lakini kuna watu hapa Mjini wanaonukuu mzaha wa usiku ule kama ushahidi kuwa msimu wa 2022 ulikuwa wa aibu, na huko ndiko tunakokataa kufuatana nao.

Maombi yetu kwako, Mhariri, ni madogo. Ukurasa wa michezo unapotoa habari ya kwotabeki mkongwe, tafadhali toa mstari mmoja wa namba 6: zile 5 tulizozitaja na mara alizolazwa chini. Mstari wa pili useme sababu ya kila pasi iliyonaswa, kwa maneno matatu au manne: "ilidunda kwa mpokeaji", "alichelewa", "alipigwa mkono". Nafasi yake haizidi tangazo la kupotea kwa kitambulisho. Kichekesho cha wiki kiwekwe ukurasa wa burudani, na sisi tutakuwa wa kwanza kukisoma.

Saa nazo ziandikwe za Afrika Mashariki, pamoja na siku yetu. Mechi ya Jumapili usiku kwao kwetu ni Jumatatu alfajiri, na inaisha watu wakiwa njiani kwenda kazini. Gazeti la Jumatatu huwa limeshatoka mtamboni, kwa hiyo haliwezi kuwa nayo, na lisijaribu kuziba pengo hilo kwa vipande vya simu. Habari ya mechi hiyo tutaisubiri ya Jumanne.

Wapenzi wa futiboli ya Kimarekani,
Mji Mkongwe, Unguja